Kaseti ya Mia na Ishirini

Ijumaa hiyo lori la majani lilichelewa, kwa hivyo benchi la Phelis, muuza chai, lilijaa mapema. Lenyewe ni ubao tu uliolazwa juu ya matofali, mkabala na kituo cha kupimia majani chai nje kidogo ya Litein, lakini tangu mwaka wa tisini na mbili hakuna jambo la dunia hii lililowahi kuwashinda wanaolikalia. Alikuwepo Omwenga, fundi wa redio aliyetoka upande wa Kisii, ambaye wote walimwita Waya. Alikuwepo Gibson, muuza dawa za ng'ombe, aliyeitwa Dokta na kuitika bila haya. Katikati yao alikaa Kipkemoi, gunia lake la majani miguuni. Jumatatu iliyofuata mama yake alikuwa apasuliwe koo, na daktari wa hospitali alikwishasema wazi kwamba sauti huenda isirudi. Kipkemoi alitaka kuinasa kabla ya hapo. Aliuliza kitu kidogo tu: anunue kaseti ya dakika sitini, au ile ya mia na ishirini, ambayo bei yake ni zaidi ya mara mbili?

Alijuta kuuliza.

— Wachana na hiyo kubwa, alisema Waya. Tepu yake ni nyembamba kama ganda ya kitunguu. Redio itaikula siku ya kwanza. Mimi nimetoa tepu kwa redio za watu mpaka nimechoka.

— Lakini sitini ni nusu saa halafu unageuza, alisema Kipkemoi. Na mama ukimkatiza tu, anasema basi, nimemaliza. Harudi tena.

— Si utafute redio mbili.

— Hata hii moja ni ya kuomba, Waya. Ni yako.

Dokta aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeitwa kutoa ushahidi.

— Mnabishana juu ya dakika na hamjauliza ni dakika za wapi. Hizo kaseti zinatengenezwa kwa nchi za joto. Hapa kwetu baridi inafupisha tepu. Mia na ishirini ikifika Litein ni kama mia na kumi.

— Nani alipima, Dokta?

— Ng'ombe akihamishwa, maziwa si inapunguka? Ni kitu hiyo hiyo.

— Baridi haina makosa, alisema Waya. Shida ni mawe ya redio, hizo betri. Ukirekodi na mawe yamechoka, tepu inatembea polepole. Halafu siku ingine uweke mawe mapya, mama anaongea mbio kama kifaranga.

 Uso ulimng'aa Dokta.

— Sasa hapo umesema. Anunue hiyo kubwa, arekodi na mawe ya zamani. Mia na ishirini inakuwa mia mbili.

— Na nani ataelewa kifaranga?

— Wajukuu. Wako na masikio mazuri.

Hata Kipkemoi alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatano daktari alipompa habari hiyo, kisha akajionea aibu kwa kucheka.

Ndipo Chepngetich, jirani ya mama yake, akafika na kikapu cha majani mgongoni. Alisema chamgei, wakamwitikia na kumsogezea nafasi. Phelis alimmiminia chai. Chepngetich alisikiliza habari yote ya kaseti, bila haraka, akipuliza kikombe.

— Kipkemoi, alisema, hiyo kitu ikianza kuzunguka, utamuuliza nini?

Kipkemoi alimgeukia Dokta. 

— Amuulize mambo ya zamani, alisema Dokta.

— Zamani gani?

Dokta akaangalia barabara. Waya naye alikuwa akichunguza kucha zake. Mama yake Waya alikuwa hai, huko Kisii, na barua yake ya mwisho ilikuwa ya Pasaka. Phelis aliinamisha birika juu ya kikombe cha Dokta, yakatoka matone mawili.

Kipkemoi aliona uchungu, na hakuuficha. Tangu Jumatano alikuwa amefikiria dakika, si maneno ya mama. Alisimama, akatoa noti ya mia mfukoni, akaitia mkononi mwa Waya.

— Nipimie majani lori ikija. Halafu ulete redio na kaseti nyumbani jioni.

— Nilete gani sasa?

— Yoyote, alisema Kipkemoi, tayari amevuka barabara. Mimi natangulia nikae na yeye.