Mshale Alipoomba Radhi

Asubuhi ile benchi letu la kahawa lilijaa mapema, na hakuna aliyetaja mpira. Jana yake Mshale alisimama langoni mwa hospitali, akawaambia wazazi waliokuwa wakisubiri: "Bomba lile nililipitisha mimi bila kwenda kuliona. Watoto wenu wamekunywa maji machafu kwa uzembe wangu. Naacha kazi." Machozi yakamtoka mbele ya watu. Ndiye Mshale wetu huyu: aliwakilisha chuo chake katika mbio fupi, akawa wakili, akafungua kampuni ya kuchimba visima, mwisho akakabidhiwa idara ya maji ya mji. Kila Jumapili alikunywa kahawa hapa, kabanana nasi.

— Mimi hata kufungua saluni leo naona haya, akasema Kipaza, kinyozi. Wateja wananiuliza, "Si rafiki yenu yule?"

— Ukawajibu nini? nikamuuliza.

— Nikasema namjua kwa sura tu.

Tukacheka, kicheko cha puani.

— Mnazugwa nyie, akasema Profesa, muuza magazeti. Wakili hakubali kosa bure. Mwakani mtamsikia anagombea ubunge. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Pole gani? akapinga Kipaza. Jamaa alikuwa wa mita mia!

— Si ndiyo hapo! akadakia Breki, dereva mstaafu. Mtu wa mita mia hadumu. Mahakama kaiacha, visima kaviacha, sasa na hii. Mwenda pole hajikwai.

Shangazi, anayetuuzia kahawa, akaweka birika chini.

— Na halmashauri ilipotaka kuling'oa hili benchi, nani aliwasimamia kesi?

Breki akakuna shingo.

— Alitusimamia, sikatai.

— Lakini yale machozi! Kipaza akaja juu. Nasikia wakubwa wana kidonge. Ukimeza, chozi linashuka lenyewe.

— Na goti lake lina chuma tangu chuo, Profesa akaongeza. Chuma kikishika baridi, baridi inapanda kichwani, mtu anasaini asichokiona!

— Jamani, mwenyewe hayupo, akasema Shangazi.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, akajibu Kipaza: asiyekuwepo na lake halipo!

Hapo akatokea mwanamume mwenye begi, kola imelowa jasho.

— Habari zenu, wazee. Nimeambiwa Mshale watu wake ni ninyi. Mimi nilikuwa nampokeza kijiti cha mbio chuoni. Nimesikia redioni, simu yake imezimwa, nikaona hapana, nipande basi nije. Nyumbani kwake ni wapi?

Profesa akanyoosha mkono upande wa sokoni, mkono ukashuka wenyewe. Breki akanitazama mimi, nami nikamtazama Shangazi. Miaka yote ile, yeye ndiye aliyekuwa akija; kwake hakuna aliyewahi kufika.

— Mtaa tu, wazee. Nyumba nitaulizia.

Akasubiri. Kisha akatushukuru, kwa adabu kabisa, akapachika begi begani, akavuka barabara kwenda kuuliza dukani.