Mama Ganda na Mayai ya Mtihani

Inatangazwa rasmi, kwa uzito wote unaostahili, kwamba kuanzia Ijumaa saa tisa alasiri jokofu la maabara ya biolojia halitakuwa na mlinzi. Anayeliacha ni fundi wetu wa maabara, Mama Ganda, anayestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Muda wote huo hakuna mwalimu aliyefanikiwa kuficha soda yake humo.

Aliajiriwa kuandaa vifaa vya masomo yote ya sayansi, lakini moyo wake uliangukia yai. Wanafunzi wetu walijua kulimulika kwa tochi kabla hawajajua kufunga tai. Aliwaonyesha vitundu vya ganda vinavyopitisha hewa, tando mbili za ndani zinazoachana upande ule butu na kufanya chumba cha hewa, na zile kamba za ute zinazokishika kiini kisiyumbeyumbe.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Naandika haya kwa kuwa wa Kiswahili kapatwa na mafua ya ghafla. Hata mimi hakuniacha. Siku moja alivunja yai kwenye kisahani, akanionyesha kidoa cheupe juu ya kiini. Akanieleza kwamba uhai ungeanzia hapo, na manjano yote yale ni chakula cha kifaranga, shehena ambayo hata mimi, kwa kitambi nilichonacho, ingenitosha. Tangu hapo nakula mayai kwa adabu.

Hatuwezi kumuaga bila kuutaja mtihani wa vitendo wa mwaka wake wa kwanza. Kila mwanafunzi alitakiwa kuvunja yai bichi na kuchora sehemu zake. Wa kwanza akagonga, halikumwagika kitu. Wa pili vilevile. Trei nzima ilikuwa imechemshwa ikaiva! Mkuu wa shule akauliza kama huu ni mtihani au kifungua kinywa. Ndipo mpishi wa shule akajitokeza na aproni yake, akasema ni yeye, alidhani ni mayai ya jikoni. Alikaripiwa mbele ya watu, akaosha masufuria muhula mzima, na mpaka leo wanafunzi wanamwita Chemsha.

Sasa, Mama Ganda amekubali kuagwa kwa sharti moja tu: tuseme ukweli, jina la mpishi lisafishwe.

Mpishi hakugusa yai hata moja. Mama Ganda ndiye aliyetaka kuyatoa baridi ya jokofu. Aliyatumbukiza kwenye beseni la umeme la maabara, akawasha, kisha akasogea dirishani kuzungumza na mpishi kidogo. Hiyo kidogo ikarefuka hadi maji yakatokota. Alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na kwa kosa lile angefungashwa virago siku hiyohiyo. Mpishi alilijua hilo, akamuwahi kabla hajafungua kinywa. Walichokuwa wakizungumza dirishani hawajatuambia, ila mwaka uliofuata walioana.

Asante, Mama Ganda, kwa kila jicho ulilolifungua. Tunakutakia wewe na mzee wako asubuhi ndefu zisizo na kengele. Nanyi wanafunzi, wa sasa na wa zamani, mvueni mpishi jina lile leo hii. Mwenye haki nalo ameketi kando yake, kavaa kitenge kipya, na anacheka kuliko sisi sote.