Mzee Uwesu na Amplifaya ya Ujerumani

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Uwesu Swalihu anastaafu, baada ya kuitumikia bendi yetu ya roki, Upepo wa Kati, kwa miaka ishirini na sita. Kamati ilinipa mimi, mpiga besi, kazi ya kuandika wasifu wake. Niliuandika kwa bashasha. Wiki iliyopita niliuchana na kuanza upya, na mtaona kwa nini.

Mzee Uwesu ni mzaliwa wa Kondoa. Alijiunga nasi mwaka 1999 akitokea kwenye kibanda cha kutengeneza redio, Kizota, na tangu hapo hakuna gitaa lililopanda jukwaani bila kupita mikononi mwake. Alibadilisha nyuzi, alityuni, alitoa vumbi la Dodoma kwenye pedali za gitaa kwa brashi ya rangi. Kila waya aliufunga kipande cha kanga, na ole wako uchomeke wa bluu mahali pa kijani. Mvua ilipotukuta jukwaani Mvumi, alivua koti akafunika pedali, mwenyewe akalowa chapachapa. Mafua yalimlaza siku mbili, na kila aliyekwenda kumjulia hali aliulizwa kama pedali zimekauka.

Kwangu alihitaji subira zaidi, maana mimi ni mtu wa maneno mengi. Mengi yalihusu amplifaya yangu ya besi, iliyotoka Ujerumani. Niliwahi kusema redioni, tena kwa kujidai, kwamba fundi wa hapa kwetu hawezi kutoa mlio kama ule hata kwa dawa. Mzee Uwesu alikuwa amekaa pembeni yangu studioni. Alikunywa maji tu.

Basi kwenye kikao cha kumwandalia zawadi nikasimama nikasema nampa amplifaya hiyo. Wenzangu walipiga makofi, kiongozi wetu Stara akafuta machozi, nami nikajiona mtu mwema kweli. Jumatano tukampelekea nyumbani. Akaitazama, akacheka. Akasema hawezi kupokea kitu kwa uongo, akaomba bisibisi, akaifungua kwa nyuma mbele yetu.

Nilipigwa na butwaa, na mpaka naandika hapa sijarudi sawasawa. Ndani hamna Ujerumani. Transfoma imesukwa kwa mkono Kizota. Bodi imetoka kwenye kipaza sauti cha mnadani. Kilichobaki cha Mjerumani ni boksi na nembo.

Akatueleza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, kwamba ile halisi iliungua Gulwe mwaka 2009, jenereta ilipopandisha umeme ghafla. Zilikuwa zimebaki siku tatu tupige Kondoa. Alituambia ni fyuzi tu, akaenda nayo Kizota, akarudi nayo ikinguruma. Miaka kumi na sita nimepigia mtambo wa Mzee Uwesu huku nikiwadharau mafundi wa hapa, naye ndiye aliyekuwa akiniunganishia waya. Jamani, aibu hii nitaipeleka wapi?

Stara akamuuliza kwa nini alificha. Akasema pale Gulwe, moshi ukiwa bado unatoka, alinisikia nikiapa kwamba ikiwa imekufa naacha muziki, narudi Kibaigwa kwenye mashine ya kaka yangu ya kukamua alizeti. Hakujua kama ni hasira tu au nimemaanisha, akaona tahadhari kabla ya hatari. Zawadi aliikataa. Akasema apewe mbuzi, na mimi niendelee kupiga.

Mbuzi wawili wamepatikana. Mzee wetu, kwa niaba ya bendi nzima, asante. Tunakuombea afya njema, mgongo usiobeba spika tena, na mavuno ya kutosha huko Kondoa.

Jumatano ulisema hukujua kama ni hasira tu. Nilimaanisha, mzee wangu. Begi nilikuwa nimeshafunga.

Sila Chilongani, mpiga besi