Nguo za Naftali: Maisha ya Marehemu Serah Kageha (1963–2009)

Marehemu Serah Kageha alizaliwa tarehe 9 Aprili 1963 hapa hapa Chavakali, kifungua mimba wa Mama Mirriam na marehemu Mzee Zedekiya.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini na kumaliza kidato cha nne mwaka 1981. Tusifichane: Serah alikuwa mwoga. Aliogopa radi, aliogopa vinyonga, na mbwa ndio usiseme. Njia ya shule ilipita penye boma lenye mbwa wakali, basi mdogo wake Naftali, kibogoyo wa meno ya mbele, alitangulia na fimbo, naye dada mtu akafuata nyuma ameng'ang'ania shati lake. Akichekwa alijibu, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Alilipenda sana neno hilo.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Sammy, na Januari 1989 Mungu akawajalia binti yao wa pekee, Mercyline. Mwaka 1999 mama na mtoto walimfuata Sammy Dubai, alikokuwa akifanya kazi hotelini, wakakaa mtaa wa Al Twar. Serah akaajiriwa kulea watoto katika chekechea. Watoto wa watu walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwafokea. Mwaka 2003 alimtafutia Naftali kazi ya ulinzi katika ghala moja mtaa wa Naif.

Naftali alifariki tarehe 17 Februari 2005. Msimamizi wake, Clifford, kijana wa kutoka ng'ambo tu ya mto huu, alisema Naftali alilewa, akateleza gatini Deira na kutumbukia katika maji ya hori, ule mkono wa bahari uingiao mjini, na kwamba yeye ndiye aliyemwopoa akiwa ameshakata roho. Naftali hakuwahi kuonja pombe. Serah alikabidhiwa nguo za ndugu yake zikiwa bado mbichi ndani ya mfuko wa plastiki, akazianika bafuni bila kuzifua, maana kwa mama yao nguo za marehemu hazifuliwi kabla ya mazishi.

Clifford ndiye aliyeongoza mchango wa kusafirisha mwili. Kila alipokuja kutoa pole, macho yake yalikwenda bafuni.

"Mama Mercy, hizo nguo bado hujafua? Nipe nipeleke kwa dobi Naif, khalas, yaishe, uache kujitesa."

"Kwetu hatufui kabla ya kuzika, Clifford."

"Dubai si kwetu."

Clifford alipotoka, Mercyline, wakati huo wa miaka kumi na sita, alimwonyesha mama yake soksi za mjomba. Zilikuwa zimekauka laini. "Mama, nguo ya maji ya chumvi ikikauka hukakamaa. Hizi hazijaingia horini." Serah alimziba mdomo kwa kiganja, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Mtoto hakunyamaza. Alichota maji ya hori kwenye chupa, akaloweka kitambaa na kukikausha, akakipeleka shuleni pamoja na soksi moja. Mwalimu wake wa kemia alimpa dawa ambayo ikikutana na chumvi hugeuka nyeupe. Maji yaliyosuuza kitambaa cha horini yaligeuka meupe kama maziwa. Yale ya soksi yalipata ukungu kidogo tu, sawasawa na maji ya bomba. Naftali alikuwa amezamishwa katika maji matamu, yasiyo na chumvi, kisha akabebwa hadi gatini.

Jioni ile Serah alijaza beseni maji, akatia sabuni, akalichukua lile shati. Ndugu alikuwa ameshakufa. Mtoto alikuwa hai, naye Clifford alijua shule yake na njia anayopita. Mercyline alisimama mlangoni akilia. "Mama, ukifua, tutamzika Mjomba pamoja na uongo." Serah alilitazama lile shati, shati la yule aliyemtangulia na fimbo. Kisha akayamwaga maji.

Kesho yake yeye na Sammy walizipeleka nguo polisi. Aliwaeleza kila kitu, akawasihi jina la mtoto lisitoke nje. Wataalamu wao walipima upya na kupata yale yale. Katika pipa la maji la ghalani walikuta kifungo cha shati la Naftali. Ilibainika kwamba Naftali alikataa kuficha wizi wa Clifford pale ghalani. Clifford alihukumiwa kifungo, na bado yumo.

Ndipo simu za vitisho zilipoanza, kutoka kwa watu wa Clifford. "Ni nani aliyepima zile nguo?" Serah alijibu siku zote, "Ni mimi." Alihama nyumba, alimsindikiza binti yake kila mahali, na simu ikilia alidondosha alichoshika. Mwoga huyu wetu aliishi hivyo zaidi ya miaka minne, na sisi nduguze tuliamini kweli ni yeye aliyepima.

Mwaka 2008 aliugua figo. Alitibiwa Dubai hadi tarehe 3 Septemba 2009, alipofariki dunia, Sammy akiwa kando yake. Aliagiza siri hii izikwe naye. Mercyline, ambaye sasa anasomea kemia chuoni Nairobi, amekataa. Ameomba isomwe leo, Jumamosi ya tarehe 12 Septemba, mbele ya majirani wote wa huku na wa ng'ambo ya mto. Dada wa marehemu, Roselyne, ndiye anayesoma maneno haya; anaogopa, lakini anasoma.

Marehemu ameacha mumewe Sammy, mama yake Mirriam, dada yake Roselyne na binti yake Mercyline, aliyepima zile nguo. Analazwa kando ya Naftali, nyuma yake kidogo, kama walivyokuwa wakienda shule.

Nguo za Serah hazijafuliwa. Tukishamaliza hapa, Mercyline atazifua mwenyewe, pale uani, kila apitaye amwone.

Mungu amlaze Serah mahali pasipo mbwa wala mlio wa simu. Na apumzike.