Magari Matatu na Mgongo wa Mama

Benchi letu liko kati ya banda langu la viatu na saluni ya Kinyozi. Mguu wake mmoja nimeufunga kwa ukanda wa ngozi, kwa hiyo limetulia kuliko wanaolikalia. Siku hiyo mada ilikuwa ya Taratibu, dereva wa teksi aliyepewa jina hilo na abiria wenye haraka. Alikuwa ametoka kujaribu magari matatu ya umeme, jeupe, la bluu na la kijivu, na ilibidi achague moja kabla duka halijafungwa. Kesho yake mama yake anaanza mazoezi ya mgongo hospitalini, mara tatu kwa wiki, na alishaapa kwamba akirushwarushwa tena kama kwenye ile teksi kuukuu, haendi. Daktari naye alishasema asipoenda, atakuja kushindwa kusimama. Muuzaji aliruhusu mshauri mmoja kwa kila gari, yeye mwenyewe akakaa nyuma na makaratasi yake. Kwa hiyo Taratibu akaendesha, na wenzangu wakapanda mbele, mmoja baada ya mwingine. Balaa lilianza waliporudi, kwa sababu kila mmoja alikuwa amelipenda gari alilopanda yeye.

— Jeupe, akasema Fundi Nati, makanika wetu. Lile halina mlio kabisa. Nimesikia mpaka saa yangu ya mkononi.

— Kwani mama anaenda kulala? akauliza Kinyozi. Chukua la bluu. Kile kiti kinakushika shingo vizuri, mpaka nikatamani ninyolewe humo humo.

Mzee Mizani aliweka kikombe chini. Amepima malori miaka thelathini, na kwake kila jambo lina uzito wake.

— Nyie mnaongea mambo mepesi. Starehe ni uzito. La kijivu betri yake imelala sakafu nzima. Likifika kwenye tuta, tuta ndilo linalojishusha.

— Tuta lijishushe? akauliza Kinyozi.

— Kidogo. Kwa macho huwezi kuona.

— Hebu nisikilizeni mimi niliyesomea, akasema Fundi Nati, ambaye sijui alisomea wapi. Mgongo hauumizwi na mashimo, unaumizwa na mlio. Injini ikinguruma, mifupa nayo inaitikia. Ondoa mlio, mifupa inasahau kwamba iko safarini.

— Acha zako! Mbona mimi naamka naumwa mgongo, na kitanda hakina injini? akauliza Kinyozi.

— Unakoroma. Huo ndio mlio wenyewe.

Tulicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Kinyozi hakukubali kushindwa.

— Sasa mimi nawaambia nilichokiona. Umeme unapita chini ya kiti. Nywele zangu za mkono zilisimama zote! Kitu kinachonyoosha nywele kitashindwa na mgongo?

— Zilisimama kwa sababu Taratibu alitaka kugonga ukuta, akasema Mzee Mizani.

— Sikutaka kugonga. Ukuta ndio ulikuwa karibu, Taratibu akajitetea.

— Haya, mimi namalizia, akasema Mzee Mizani. Ukikaa juu ya betri nzito, uzito wako unashuka wenyewe kwenda chini. Baada ya mwezi mama anapanda ngazi mbio.

Hapo Taratibu hakucheka. Kahawa yake ilikuwa imepoa, hajaigusa, na nilimwonea huruma kweli.

— Jamani, sitaki mama akimbie. Nataka afike hospitali bila kulia.

Tukasikia fimbo ikigonga sakafu ya uchochoro, na mama yake akatokea taratibu, maana nyumba yao iko nyuma ya saluni.

— Shikamoo mama, tukasema kwa pamoja.

— Marahaba. Mgongo wangu unajadiliwa mpaka nausikia jikoni. Haya, gari gani?

— Jeupe!

— La bluu!

— La kijivu!

— Na mimi nitakaa wapi?

— Nyuma, mama, akasema Taratibu. Upate nafasi ya kunyoosha miguu.

— Nani kati yenu alikaa nyuma?

— Muuzaji, akasema Fundi Nati.

— Magari yote matatu?

— Yote.

— Alishukaje?

Kinyozi akakuna kidevu.

— Kuna moja alishuka amejishika kiuno. Nakumbuka, makaratasi yakamwanguka.

— Kweli kabisa! akasema Mzee Mizani. Akachechemea mpaka mlangoni.

— Gari gani hilo?

Mzee Mizani akachungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Njia nzima wote walikuwa wanatazama mbele, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka ni gari lipi.

Taratibu akasimama.

— Mama, nisamehe. Duka bado liko wazi. Twende ukayajaribu mwenyewe.

— Tangu asubuhi nimevaa viatu, mwanangu. Nilikuwa nangoja uniambie hivyo tu.

Nikaangalia miguuni kwake. Ni vile vyeusi nilivyovitia soli laini mwezi uliopita, na alikuwa amevipiga rangi vikang'aa. Taratibu akampa mkono.

— Sasa mbele atakaa nani? akauliza Kinyozi, ameshaanza kuvua aproni.

— Muuzaji, akasema mama. Na yeye apumzike.