Bi Senobar na Makochi Yaliyolowa Siku ya Posa

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi katika karakana yetu, Bi Senobar Lakani anastaafu siku ya mwisho ya mwezi wa Esfand, mkesha wa mwaka wetu mpya. Waliowahi kufanya kazi katika karakana ya kuosha mazulia wanajua uzito wa tarehe hiyo. Ndiyo siku ambayo mji wetu wote wa Rasht unataka mazulia yake yarudi nyumbani, tena makavu, kabla wageni wa sikukuu hawajagonga mlango. Aliulizwa kama hataki kuondoka mapema kidogo apumzike. Akajibu kwamba anayeondoka katikati ya Esfand hastaafu, anatoroka.

Alianzia uani, akikamua maji machafu kutoka kwenye mazulia kwa ubao wenye mpini mrefu. Karakana iliponunua mashine ya kwanza ya kuosha makochi, aliomba apelekwe nayo majumbani. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara: mama aliye peke yake nyumbani hapendi kumfungulia mlango mwanamume asiyemjua, kwa hiyo humsubiri mumewe, mume naye akirudi husema makochi bado masafi. Oda ziliongezeka msimu uleule. Kikosi cha wanawake tunachojivunia leo kilianza na yeye, mashine moja na teksi.

Kwenye simu alikuwa hatari kwa mapato yetu. Wengi waliopiga aliwaambia wafanye kazi wenyewe.

"Mama, chai imemwagika lini?"

Sasa hivi, anajibiwa.

"Basi mimi wa nini? Chukua kitambaa cheupe, gandamiza. Usisugue. Mama, nakusikia unasugua!"

Mwenye karakana, Bwana Keyvan Tolami, aliwahi kumwuliza kama tunalipia simu ili awafukuze wateja. Bi Senobar alimwambia kwamba mwenye doa dogo anaweza kulitoa, lakini zulia zima au kochi lenye sponji nene si la ndoo na brashi katika mji ambao hata soksi huchukua siku mbili kukauka. Mtu akiambiwa ukweli kuhusu doa, alisema, atatuamini kuhusu zulia.

Kuna kosa moja alilopambana nalo miaka yote bila kulishinda. Watu wa mji huu husafisha nyumba kabla msafishaji hajafika. Wanasema ni aibu mgeni akute uchafu, hata kama mgeni mwenyewe ameitwa kwa ajili ya uchafu huo.

Kisa cha Bi Effat Rajabnia kinajulikana na kila mtu hapa karakana, na wenyewe wameturuhusu kukiandika. Bi Effat, mjane, alikuwa amemwita Bi Senobar Alhamisi asubuhi. Jioni ya siku hiyo walikuwa wanakuja wageni kumposa binti yake, Taraneh. Taraneh na kijana walikuwa wamekubaliana tangu chuoni. Kilichobaki ni familia kuonana. Hofu ilikuwa juu ya mama wa kijana, Bi Molouk, aliyesifika kwa kukagua hadi chini ya vikombe. Asingeridhika na nyumba, posa ingeishia mlangoni.

Bi Senobar alipofika, mvua inanyesha, akakuta makochi yana michirizi ya kahawia.

"Umeyaosha?"

"Aa, jana nilipitisha kitambaa tu, dada. Nisiaibike ukikuta uchafu."

Bi Senobar akagandamiza mto kwa kiganja. Maji yakachuruzika hadi sakafuni.

"Ulipitisha kitambaa au bomba la zimamoto?"

"Nilimwambia asiguse!" Taraneh alipaza sauti kutoka jikoni. "Nilimwambia!"

"Wewe nyamaza, lete chai!"

Ile kahawia ilikuwa rangi ya mbao na ya sponji kuukuu, iliyopandishwa juu na maji. Bi Senobar alipiga magoti, akaanza kuyanyonya maji kwa mashine. Kufikia adhuhuri michirizi ilikuwa imefifia, ila ndani makochi yalikuwa bado yamelowa chepechepe.

"Kausha juu tu," Bi Effat akamwomba. "Tutatandika mashuka meupe. Watakaa kidogo, watakunywa chai, hawatajua."

"Bi Molouk atajua akisimama. Na aliye nyuma yake atajua kabla yake."

"Basi naita karakana nyingine!"

"Ita, mama. Uwaambie waje na jua lao."

Hapo Bi Effat alikaa kwenye kiti cha jikoni, akalia. Huyu mtoto amelelewa bila baba, alisema. Wataona nyumba haina mwanamume. Bi Senobar hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimwacha alie, akazima mashine, kisha akauliza kama kuna zulia la zamani na mito mirefu ya kuegemea ukutani.

"Niwakalishe wageni wa posa chini? Utaniua, dada."

"Chini pakavu, mama. Na uwaambie mwenyewe kabla hawajauliza."

Waliyasukuma makochi hadi chumba cha nyuma, wakawasha hita na feni, wakatandika zulia sebuleni. Saa za kazi za Bi Senobar zilikuwa zimekwisha na angeweza kwenda zake. Alibaki chumba cha nyuma akiendelea kuyakamua makochi, akizima mashine kila mara ili asikie, na ndiyo maana tunajua yaliyosemwa.

Jioni Bi Molouk aliingia na mwanawe, akatazama sebule isiyo na kiti hata kimoja. Bi Effat alikuwa ameandaa maelezo marefu ya uongo kuhusu fundi anayekuja kupaka sebule rangi. Yote yakamtoka kichwani.

"Makochi yamelowa," alisema. "Niliyaosha mwenyewe kwa ajili yenu, nikayaharibu."

Taraneh alikuwa amesimama na sinia ya chai. Bi Molouk akashika bega la mwanawe, akajishusha taratibu hadi kwenye zulia, akavuta mto nyuma ya mgongo.

"Afadhali wewe umesema," akamwambia Bi Effat. "Yetu yamelowa tangu juzi. Nimeyaosha kwa ajili ya siku mtakayokuja kwetu, na sasa yananuka kama mbwa wa shamba."

Bi Effat ndiye aliyeanza kucheka. Chai ikapokewa. Baadaye, mambo yakiwa yamekwisha kukubaliwa, Bi Molouk aliuliza: "Na huyo mnayemficha chumba cha nyuma na mashine yake, kesho ana nafasi?"

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko. Bi Senobar alikwenda.

Sasa daktari amesema magoti yapumzike, nasi hatuna hoja ya kumpinga. Bi Senobar, tunakushukuru kwa kazi uliyoifanya vizuri na kwa kazi uliyokataa kuifanya vibaya. Tunakutakia afya, asubuhi zisizo na haraka, na nyumba yenye wageni wasiojali wanakalia nini.