Koplo na Swali la Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko njiani, tega masikio lakini angalia unapokanyaga. Leo tunamkumbuka koplo mstaafu wa jeshi, aliyetutoka wiki tatu zilizopita akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Mtaani watu wote walimwita Koplo. Hata mkewe alimwita Koplo, lakini akiwa amemkasirikia tu. Siku za amani alimwita Baba.

Mjane wake, Mama Koplo, alitupokea sebuleni kwake. Tulimuuliza tuseme nini na tuache nini. Akajibu: "Semeni yote. Msinipambie maneno. Yule mtu alinichosha, na nilimpenda."

Basi tutasema yote.

Koplo hakuwa mpiga risasi. Kwa miaka thelathini alikuwa mtunza bohari ya jeshi. Mablanketi, buti, sufuria, kamba, vyote vilipita mikononi mwake. Hakuna buti lililotoka bila fomu, hata la mguu mmoja. Na siku yake ya kwanza kwenye bohari alifundishwa jambo moja: usiache nafasi tupu kwenye fomu. Ukiiacha, mtu mwingine ataijaza, na mablanketi kumi yatageuka mia. Koplo alilishika hilo kama dini. Binti yake anasimulia kwamba alipoandikishwa shule ya msingi, fomu iliuliza magonjwa aliyowahi kuugua mtoto. Hakuwa ameugua chochote. Baba yake akaandika: "Kiburi, mara mbili."

Alipostaafu alinunua gari dogo la kijani. Si jipya. Mlango wa dereva ulikubali kufunguliwa kutoka nje tu, kwa hiyo kila safari Koplo alishusha kioo, akatoa mkono nje, akajifungulia kama mtu anayemvizia mwizi. Lakini gari halikununuliwa kwa maringo. Mama Koplo alikuwa amevunjika nyonga. Kila Jumanne na kila Ijumaa alitakiwa hospitali kwa mazoezi ya kutembea. Bila gari, hafiki hospitali. Bila mazoezi, hatembei tena. Tunarudia, wasikilizaji, kwa maana habari yote imekaa hapo: bila gari, Mama Koplo hatembei.

Sasa, gari linataka bima. Kulikuwa na kampuni iliyokuwa na bima ya magari ya wanajeshi, walio kazini na waliostaafu. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko ya watu wengine, na pensheni ya Koplo iliimudu hiyo tu. Akaenda na cheti chake cha kustaafu, viatu vinang'aa. Akapewa fomu ya kurasa nne. Akakaa wima, akajaza kila nafasi.

Swali la kumi na moja liliuliza: "Likiwa limeegeshwa, je, gari lina mlinzi wa zamu saa zote?"

Koplo akatia alama kwenye ndiyo. Magari yote aliyoyajua yaliegeshwa kambini, na kambini kuna mlinzi saa zote. Mkono ulijibu wenyewe. Chini kabisa fomu ilisema: jibu lolote la uongo linavunja bima hii. Koplo akasaini, akarudi nyumbani, akakaa kula. Kijiko kikasimama katikati ya sahani na mdomo.

"Mke wangu," alisema, "nimeidanganya serikali."

"Serikali gani? Si ulikwenda kwenye bima?"

"Wana muhuri."

"Hata muuza mayai ana muhuri, Baba. Rudi kesho ukawaambie umekosea."

"Nikawaambie askari amesaini uongo? Waivunje bima, wewe ufike hospitali kwa kutambaa?" Akaweka kijiko chini. "Karatasi imeshasainiwa. Kinachobaki ni kuifanya kuwa kweli."

Jioni ile ile ratiba ya lindo ilibandikwa juu ya jiko. Usiku: Koplo. Asubuhi: Mama. Alasiri: Koplo tena. Jumamosi mchana: mkwe, yaani mume wa binti yao, ambaye ni kinyozi. Pembeni ya gari kikawekwa kiti cha plastiki. Juu ya kiti, filimbi na daftari.

Mtacheka, wasikilizaji, lakini gari lile lililindwa miaka minne. Miaka minne, mvua na jua. Hospitalini Mama aliingia kwenye mazoezi, Koplo akabaki kwenye maegesho, mikono nyuma. Wauguzi walidhani ni dereva wake, wakawa wanamsifu Mama: "Una dereva mtulivu!" Naye akawajibu, "Namlipa vizuri."

Daftari zile tumezisoma. Ziko sita. Koplo ameandika kwa mwandiko ulionyooka: "Saa nane usiku. Paka amepita. Ameamriwa kusimama, hakusimama." Mama naye ameandika kwa mwandiko wake: "Saa mbili asubuhi. Mume wangu anakoroma ndani. Gari limetulia kuliko yeye."

Na kulikuwa na neno la siri, lililobadilika kila siku. Mkwe alifika siku moja na mzigo wa viazi mabegani.

"Hodi, Baba!"

"Neno la siri?"

"Baba, ni mimi. Nimemuoa binti yako."

"Kuoa mtu yeyote anaweza. Neno la siri?"

"La leo sijaambiwa!"

"Basi na wewe leo hujulikani."

Viazi vilipita, vikapokelewa na Mama dirishani. Mkwe akabaki nje mpaka mkewe alipokuja kumnong'oneza. Hata hivyo kijana hakununa. Zamu yake ya Jumamosi aliigeuza kazi: alileta mkasi na kioo, akawa ananyoa wateja pale pale ubavuni mwa gari. Koplo alikagua, akaona macho ya mlinzi hayajatoka kwenye lindo, akaruhusu. Kisha akanyolewa na yeye, bure.

Mama je, hakulalamika? Alilalamika! "Kila siku," anasema. "Lakini nilikuwa na uvumilivu wa mtu anayejua kwamba akigoma hana mwingine wa kumpeleka hospitali." Nyonga ilimuuma kwa kukaa. Aliweka mto. Mto ukachakaa, akaweka mwingine.

Mwaka wa nne, asubuhi moja ya upepo mkali, Mama alikuwa kwenye zamu yake. Koplo alikuwa bafuni, kichwa chote povu. Maji yakakatika.

"Mama! Maji! Sabuni imeingia machoni!"

"Niko lindoni, Koplo!"

"Nakuruhusu!"

Mama akanyanyuka, akashika fimbo yake, akaingia ndani hatua moja moja, akachota maji kwenye pipa huku akinung'unika. Alipofika mlango wa bafu, wote wawili wakasikia kishindo. Mnara wa tangi la maji la jirani, ambao miguu yake ya chuma ilikuwa imeliwa na kutu, ulikuwa umeanguka juu ya uzio na juu ya gari. Sehemu ya nyuma ya gari ilikuwa imebonyea mpaka chini. Kiti cha plastiki kilikuwa bapa kama karatasi.

Koplo alitoka na taulo, povu linamtiririka. Mama anakumbuka vizuri: "Hakulitazama gari. Alikitazama kiti. Akaniambia, 'Ungekuwa umekaa hapo.' Nikamwambia ndiyo. Akasema, 'Ungekufa kwa ajili ya alama yangu kwenye fomu.' Ndipo nikaona sabuni siyo iliyokuwa ikimtoa machozi."

Sasa ikawa hivi. Gari limevunjika, lazima bima ilitengeneze. Na gari lilipovunjika, mlinzi hakuwepo. Koplo akavaa koti lake la medali, akabeba daftari zote sita kwenye mfuko.

"Unazipeleka wapi?" Mama aliuliza.

"Nakwenda kukiri. Jibu lilikuwa la uongo tangu siku ya kwanza."

"Nyamaza tu, Baba. Nani atajua?"

"Uongo wangu nimeubebesha mgongo wako miaka minne. Leo naushusha."

"Na wakiivunja bima? Nitafikaje hospitali?"

"Nitakubeba mwenyewe."

"Wewe? Ndoo ya maji inakushinda!"

Lakini Mama alivaa, akafuatana naye. Kinyozi aliwapeleka kwa gari la kuazima la mteja wake. Mama anasema njia nzima alikuwa akihesabu vituo, akifikiria lini atavipita tena.

Karani wa bima alikuwa dada mpole. Aliwaamkia, akawapa viti. Koplo hakukaa. Alikiri akiwa amesimama, kuanzia alama ya ndiyo mpaka povu la sabuni, kisha akazipanga daftari sita mezani. Karani akafungua jalada. Akasoma. Midomo ikaanza kumcheza.

"Mzee wangu, hebu nisomee hapa juu ya ukurasa wa tatu pameandikwa nini."

Koplo akavaa miwani. Akasoma polepole: "Ukurasa huu ujazwe na wenye mabasi na malori ya biashara tu."

"Wewe una basi, mzee?"

"Sina."

"Lori?"

"Sina."

"Sasa mbona ulijaza?"

"Kulikuwa na nafasi."

Karani akajikaza. "Na hapa swali la tisa. Idadi ya abiria wanaolipa nauli. Umeandika: 'Mmoja. Hajalipa bado.'"

"Na silipi!" Mama akaruka.

Wasikilizaji, swali la kumi na moja halikumhusu Koplo. Tunarudia: halikumhusu. Ukurasa wenyewe haukumhusu. Kwa miaka minne hakuna mtu pale ofisini aliyewahi kuufungua. Bima yake ilikuwa salama, na kuangukiwa na mnara kumo ndani ya bima. Gari lingetengenezwa.

Mama alicheka mpaka makarani wa vyumba vingine wakachungulia. Alicheka mpaka akashika nyonga. Koplo hakucheka. Alimgeukia mkewe, akakakamaa kama yuko mbele ya jenerali.

"Nimekukosea. Miaka minne. Toa adhabu."

Mama akafuta macho. "Mpe fomu ya matengenezo, mwanangu," alimwambia karani. "Na wewe Koplo, jaza yanayokuhusu. Yasiyokuhusu, acha yalivyo. Nakuangalia."

Karani anatuambia hajawahi kuona mtu akitokwa na jasho kwa kutoandika. Kila kalamu ilipoteleza kuelekea kwenye nafasi ya pembeni, Mama aliikoholea. Mwisho fomu ikatoka na nafasi saba nyeupe. Koplo aliisukuma kwa karani huku ametazama ukutani.

Gari lilirudi baada ya mwezi mmoja. Siku zile za katikati mkwe ndiye aliyempeleka Mama hospitali kwa gari lile la kuazima, akifunga kibanda chake cha kunyolea asubuhi mbili kila wiki. Koplo alimpandisha cheo. Akawa haombwi tena neno lolote mlangoni.

Lindo likafutwa. Lakini miili ilishazoea. Asubuhi ya kwanza Mama aliamka saa ile ile, akamkuta mumewe jikoni amesimama tu, hajui aende wapi. Wakakaa. Akaanza kumsimulia habari za jeshini, ambazo miaka yote hakuwahi kuzisema: rafiki aliyezikwa mbali, barua alizoandika akashindwa kuzituma. Wakawa wanakaa hivyo kila asubuhi. "Nilikuwa nimeolewa miaka arobaini," Mama anasema, "nikaanza kumfahamu mume wangu kwa sababu hatukuwa na kazi ya kufanya."

Miaka miwili ikapita hivyo. Koplo alifariki usingizini, siku ya Jumatano. Jana yake alikuwa amempeleka Mama mazoezini, na muuguzi alikuwa amemwambia Mama kwamba fimbo sasa aiache nyumbani.

Siku ya mazishi watu walilitayarisha gari ili Mama apande. Binti alimfungulia mlango wa nyuma. Mama akaufunga. Akatembea nyuma ya jeneza kutoka mlangoni kwake hadi makaburini, kwa miguu yake miwili, bila fimbo, bila kushikwa na mtu. Mkwe alifuata polepole na gari, tupu, taa zimewashwa. Alipofika, Mama aliinama kwenye udongo akasema, "Nimefika, Baba. Umeona?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki tunakupa pole, Mama Koplo. Pole kwa binti, pole kwa mkwe, pole kwa wajukuu, na kwa wenzake wote wa bohari, popote mlipo mkitusikia. Na wewe uliyebaki na mtu wako nyumbani, mwenye vituko vinavyokuchosha, leo usimcheke kwanza. Kaa naye. Muulize ameanza lini, na anafanya hivyo kwa ajili ya nani. Huenda jibu ni jina lako.

Koplo, lala salama.